Mgeni Ambaye Hakuulizwa Habari

Kuna watu nisiowajua, wanaokaa nchi nisiyoijua, na nina hasira nao kama vile ni majirani wanaomwaga maji machafu mlangoni kwangu kila asubuhi. Ni watu waliotengeneza mchezo wa simu. Najua ukisikia hivyo utacheka. Hata mama alicheka. "Garissa hii, jua lote hili, wewe umepata nguvu ya kukasirikia katuni?" Nimeipata, tena ilinibakia. Ngoja nieleze.

Michezo yenyewe ni ya kusoma. Hakuna kukimbia wala kupiga risasi. Picha ya mtu inasimama kwenye kioo cha simu, maneno yake yanatokea chini, unagusa, anasema lingine. Nyuma yake kuna chumba, au barabara, au mlima, na muziki mdogo wa kutia huzuni. Mara mojamoja mchezo unasimama unakuuliza: utafanya hili au lile? Ukichagua, hadithi inafuata njia uliyochagua. Mimi niliijua michezo hii nikiwa kidato cha pili, mwaka ambao ndio ulikuwa wangu wa mwisho darasani, na nilipoiona mara ya kwanza nilihisi mtu ametengeneza kitu akinifikiria mimi. Hadithi yenye picha, na mimi ndani yake, na hakuna mwalimu wa kuniuliza nimeelewa nini.

Kazi yangu ni hina. Nachora mikono na miguu ya maharusi, na siku ambazo hakuna harusi nachora maboksi ya viatu, nikiota siku moja nitatengeneza mchezo wangu mwenyewe. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniambia nachukia urembo. Urembo ndio unaninunulia bando.

Sasa, nyumbani kwetu yuko mdogo wake mama. Kwetu tunamwita habaryar. Tena kwetu mama mdogo humwita mtoto wa dada yake kwa jina hilohilo analoitwa yeye, kwa hiyo mimi ninamwita habaryar na yeye ananiita habaryar, na majirani wasio Wasomali wakitusikia wanadhani tunagombania cheo. Alikuja kwetu kutoka Kotile baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama, lakini uso hauoni.

Hakuja na ng'ombe, na hakuja na mwanawe pia. Huyo kijana, kitindamimba wake, binamu yangu tuliyekuwa tukigombania mifupa ya nyama tukiwa wadogo, aliondoka kwa tahriib, ile safari ya kimya ambayo vijana wetu huifanya kupitia Sudan na Libya wakitafuta Ulaya. Aliondoka na rafiki yake mmoja wa Takaba aliyesoma naye. Alipiga simu mara moja akiwa Sudan, akasema joto la huko ni kama la nyumbani. Kisha kimya.

Halafu yule rafiki wa Takaba akarudi. Alikamatwa, akarudishwa kwa ndege, akafika kwao amekonda. Mama yake akampigia mama yangu: "Mwambie mdogo wako mwanangu amefika. Ana maneno ya kumwambia." Mama alimpelekea habaryar simu mkononi. Habaryar alijigeuza akatazama ukuta. "Mwambie nimelala," alisema, kwa sauti ambayo hata yule mama wa Takaba aliisikia.

Alipiga tena. Habaryar amelala. Akapiga tena. Amelala. Mama alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akaacha. Sisi sote tulielewa. Mradi hakuna aliyesema kitu, mtoto yuko njiani. Jina lake likawa halitajwi ndani ya nyumba, na habaryar akaanza kupungua, chai anaiacha, chapati anaiacha, maneno anayaacha. Analala kwenye mkeka wake barazani uso ukutani tangu adhuhuri mpaka asri, na mimi moyo unaniuma mpaka nakosea maua kwenye mikono ya watu.

Siku moja ya joto nilikuwa nimekaa karibu yake na mchezo mpya. Kiingereza changu si kirefu, kwa hiyo huwa nasoma kwa sauti, halafu najigeuzia kwa Kisomali ili nijue nimeshika. Hadithi ilianza vizuri. Wallahi ilianza vizuri! Msichana ana nyumba ya wageni mlimani. Kaka yake aligombana na baba, akashuka mlima alfajiri na begi moja, akaenda mji wa viwanda. Baba akafa. Msichana akabaki peke yake. Kila jioni anaweka mezani sahani ya kaka, na baada ya kula anaiosha, ingawa hakuna aliyeila.

"Nani anaosha sahani safi?"

Nilishtuka. Habaryar alikuwa ameugeuza uso.

"Msichana mmoja, habaryar. Wa kwenye simu."

"Anamngoja nani?"

"Kaka yake."

"Endelea, usivute pumzi kama ngamia."

Nikaendelea. Anakuja mgeni, na mgeni huyo ndiye wewe unayecheza. Umechoka na mji, unataka kupumzika mlimani. Nikasoma sentensi moja ambayo nataka uikumbuke, maana waandishi wake hawakuikumbuka: mgeni anasema ametoka mji wa viwanda.

Habaryar alikaa. Aliketi kabisa, akajifunga ushungi vizuri kama mtu aliyeambiwa kuna wazee wamefika.

"Si huko ndiko alikokwenda kaka?"

"Ndiko huko."

"Basi. Sasa ataulizwa."

Kama hujaishi na wafugaji huenda usielewe alichokuwa anakingoja. Mtu akifika kwenye boma, hata awe ni mtu msiyepatana naye, anapewa maziwa, au maji kama maziwa hayapo, halafu anaambiwa: warran. Toa habari. Na habari ina mpango wake. Umetoka wapi, mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, kisima kipi kimekauka, amani iko, umekutana na nani njiani, na huyo alikuwa anaelekea wapi. Mgeni hawezi kukataa. Mwenyeji naye hawezi kuacha kuuliza. Ngamia aliyepotea Diff anaweza kupatikana kwa sababu mtu alinywesha mifugo mahali akaona alama ya ngamia huyo, na jioni akaulizwa. Kuuliza ndiko kunakofanya watu waliotawanyika hivi waendelee kuwa watu.

Nikagusa kioo. Msichana akamkaribisha mgeni, akageuka kumwonyesha chumba, upepo ukaja ukainua sketi yake, na mchezo ukasimama hapo. Picha mpya kabisa, imechorwa kwa bidii ambayo mlima haukupata. Nyota ndogondogo zinametameta. Muziki umebadilika.

"Amemuuliza?" akasema habaryar.

"Bado. Kumekuja upepo."

"Upepo wa upande gani?"

"Sijui, habaryar."

"Kama unatoka bondeni ni wa mvua. Endelea."

Niliendelea. Msichana akateleza akamwangukia mgeni kifuani. Picha. Akaenda kuoga, mgeni akafungua mlango kwa bahati mbaya. Picha. Akaja msichana wa pili, daktari, naye akateleza. Wa tatu akaja, mwalimu, upepo ukamkuta na yeye. Mimi nina adabu zangu, siwezi kumsomea mama mdogo mambo hayo, kwa hiyo nilikuwa nayaruka na kusema tu kilichotokea kwa nje: ameanguka, anaoga, kuna upepo.

"Ameanguka tena?"

"Ameanguka."

"Huyu ana kifafa. Si umesema mmoja wao ni daktari? Amwangalie."

"Daktari naye ameanguka."

"Subhanallah! Na wanaoga mara ngapi watu hawa? Maji wanayatoa wapi?"

"Ni mlimani, habaryar. Maji yako."

"Upepo mwingi, maji mengi, na hakuna hata mtu mmoja mwenye mbuzi." Akatikisa kichwa. "Na yule mgeni? Kaka?"

Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikaniuma, na mama alitoka jikoni kuja kuona ni nani anayechekesha watu, akamkuta mdogo wake amekaa, kikombe cha chai mkononi, nusu ameshakinywa. Alirudi ndani akatoka na chapati, akaiweka karibu yake kama mtu anayemwekea ndege mtama, kisha akaenda zake taratibu.

Kwa hiyo ikawa kila siku baada ya adhuhuri. Habaryar ananiita mwenyewe: "Habaryar, leta wale watu." Anakula kidogo, anasikiliza, na kila mara swali ni lilelile. Ameulizwa? Na jibu langu ni lilelile. Bado. Na kicheko changu kikaanza kukauka.

Maana nilianza kuona. Hawakuwa wamechelewa kumuuliza. Hawakuwa na nia. Nilirudi nyuma nikasoma tena, nikatafuta. Mgeni analala nyumba hiyo mwezi mzima. Anakula mezani, sahani ya kaka iko mbele yake. Ametoka mji uleule. Hakuna anayesema, "Je, ulikutana na kijana hivi na hivi?" Msichana mwenyewe, anayelia kwa ajili ya kaka katika ukurasa wa kwanza, hana swali. Hana swali lolote, kwa yeyote. Hana shangazi, hana rafiki wa zamani, hana kitu anachokipenda kula, hana neno baya hata moja alilowahi kumwambia mtu. Ana kifua na ana kuteleza. Waliomchora walihesabu mikunjo ya nguo yake yote, na hawakumpa kinywa cha kuuliza habari za ndugu yake wa damu.

Huko mitandaoni kujaza picha za namna hii kuna jina lake, wanasema ni kuwahudumia mashabiki. Sawa. Mimi ni shabiki. Nimeipenda michezo hii tangu shule, nimekosa usingizi kwa ajili yake, nimenunua bando badala ya viatu. Nani alinihudumia mimi? Nani alimhudumia habaryar? Wangetaka kumchora msichana amevaa kidogo, wangemchora, hayo ni yao na Mungu wao. Lakini kwa nini uanze na sahani? Hilo ndilo linaloniwasha. Kama unauza picha za sketi, uza picha za sketi, usiweke mlangoni mtoto aliyepotea ili watu waingie. Ile sahani walijua itatushika. Walijua! Mtu aliyeiandika ile sahani anajua maana ya kungoja, na baada ya hapo akaweka kalamu chini akaenda zake, akawaachia wengine wajaze upepo.

Ikafika sehemu ya kuchagua. Msichana amekaa kwenye ngazi jioni, mgeni anatoka. Mchezo ukauliza utafanya nini.

"Chagua kumwambia," habaryar akasema haraka. "Mgeni aseme mwenyewe. Aseme, mimi nimetoka huko, nimemwona au sikumwona."

"Haipo, habaryar."

"Vipi haipo?"

"Ziko mbili tu. Kukaa karibu yake, au kumtazama kwa mbali."

"Angalia vizuri."

Niliangalia vizuri. Nilicheza sehemu ile upya kwa njia ya kwanza na kwa njia ya pili. Nilikaa karibu, akaniegemea, picha. Nilimtazama kwa mbali, upepo, picha. Nikaenda kwenye mwisho wa mchezo. Kuna miisho mitatu, mmoja kwa kila msichana, na nikaifungua yote, siku tatu za kazi yangu ya hina zilikwenda hapo. Katika mwisho wa kwanza wamevaa nguo za kuogelea. Katika wa pili wamevaa nguo za kulalia. Katika wa tatu mwalimu amevaa aproni na sitasema zaidi. Sahani haipo hata mezani. Kaka hatajwi. Hajafa, hajarudi, hajakataa kurudi. Wamemsahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli dukani.

Nilikaa na simu mapajani. Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mwisho wangu tayari kichwani, mzuri, kaka anapanda mlima na begi lake lile, msichana anadondosha sahani. Lakini habaryar alikuwa ameelekeza uso kwangu, macho yake yenye ukungu yamefunguka yote, na nikajua nikimletea kaka huyu, nitakuwa nimemrudisha mtu mwingine ambaye sina uwezo wa kumrudisha.

"Imekwisha, habaryar."

"Alisemaje?"

"Hawakumuuliza. Mpaka mwisho. Na kaka wamemwacha hukohuko."

Hakuamini. Aliniambia nimeruka mahali. Nilimwapia. Akaniambia basi waulize wenye hadithi, wenye hadithi wapo, hadithi haioti mchangani. Nikamwambia ipo sehemu ya kuandika maoni. "Andika," akasema, na akaniamuru maneno yenyewe, na mimi nikayageuza kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili: kwamba mgeni ametoka mji aliokwenda kaka, kwamba amekula kwenye nyumba hiyo mwezi mzima, je, kwa nini hakuna aliyemuuliza, na je, kijana yuko hai? Nikaweka alama ya kuuliza mara tatu.

Jibu lilikuja kabla ya Ijumaa. Nililisoma peke yangu kwanza, nimesimama jikoni, na masikio yangu yakawaka moto. Walinishukuru sana. Waliweka moyo mwekundu. Wakasema nikae tayari, kuna mavazi mapya ya kuogelea yanakuja kwa wasichana wote watatu.

Niliitupa simu kwenye gunia la mchele. Mama akaniuliza kuna nini. Unamwelezaje mtu mzima kwamba unalia kwa sababu ya nguo za kuogelea?

"Wamejibu?" habaryar akauliza kutoka barazani. Masikio yake hayana ukungu wowote.

Nikatoka. "Wamejibu."

"Kijana yuko hai?"

"Hawakusema. Wamesema kuna nguo mpya."

"Nguo za nani?"

"Za wasichana. Za kuogelea."

Nilidhani atacheka, maana alishazoea kuwacheka. Hakucheka. Alikasirika, hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mwanamke yule mpole, mishipa ya shingo ikasimama. "Mtu anatoka njia ile ile," akasema. "Ile ile! Anakula, analala, mwezi mzima. Na wao wamekaa wanamtazama. Watu gani hawa? Hawana haya? Wanaogopa nini? Wangemuuliza tu. Wangemuuliza, akasema nimemwona, au akasema amekufa, wakamsomea, wakalia, wakaosha sahani wakaiweka juu. Unamwachaje mtoto wa watu hivyo, hayuko na waliokufa, hayuko na walio hai, kwa sababu wewe unaogopa kufungua..."

Akakoma katikati.

Mkono wake uliokuwa hewani uliteremka ukakaa gotini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Mimi nilitazama chini kwa sababu sikutaka aone ninamtazama, ingawa asingeona.

"Yule mtoto wa Takaba," habaryar akasema, "amerudi lini?"

"Kabla ya Ramadhani," mama akajibu.

"Na mimi nimelala tangu Ramadhani." Akapapasa ushungi wake akajifunga upya. "Niletee simu. Si hiyo yenye wale watu. Ya mama yako."

Mama alipiga mwenyewe, akamwekea sikioni. Yule mama wa Takaba alipokea mara moja, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi tangu Ramadhani. Nikasikia salamu zikianza, ndefu, za wafugaji: mko salama, watu ni wazima, mvua je, imenyesha kidogo, alhamdulillah, mbuzi wamesimama? Habaryar hakuruka hata moja. Aliuliza zote kwa mpango wake, sauti imara, utadhani anampigia kila wiki. Kisha akasema, "Nipe kijana."

Kukawa na kelele za watu kuitana, mlango, hatua.

"Warran," habaryar akamwambia. Toa habari.

Nilisikia sauti ya kijana lakini maneno sikuyapata. Niliyapata ya habaryar tu. Ulimwacha wapi? Alikuwa anatembea mwenyewe? Kazi gani? Matofali ya nani? Mguu upi? Alikuwa anakula? Mlikula nini siku ya mwisho? Hakulia. Alikuwa anauliza kama mtu anayechota maji kisimani, moja baada ya jingine, hamwagi, na kila swali lilipopata jibu alikuwa anaitikia, "Haye," na kuingia kwenye lingine. Kwa maswali hayo nilielewa kwamba mtoto wake alikuwa hai mpaka walipotenganishwa. Zaidi ya hapo kijana hakujua, akasema hajui, na habaryar akamwambia vizuri, sasa niambie ni nani aliyebaki naye, na huyo ni wa wapi, na mama yake ni nani, nami nitamtafuta.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Nilianza kulia kwa sauti, kwa furaha na kwa hasira vyote pamoja, nikiwafikiria wale watu na mwezi wao mzima wa upepo, kwamba sentensi moja tu ingetosha, sentensi moja kinywani mwa yule msichana, na hawakumpa. Habaryar alinyoosha mkono bila kugeuka, akanipata begani, akanibana kwa nguvu.

"Nyamaza, habaryar," akasema. "Simsikii."